Kipeuo Chini ya Mstari

Januari 1958, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliruka na mwanawe Michael juu ya nyika za Serengeti katika ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa mistari ya pundamilia. Walihesabu kwa macho, eneo baada ya eneo, huku wakiandika. Kazi ilipokwisha walitangaza kwamba kuna nyumbu 99,481 na pundamilia 57,199.

Zitazame namba hizo. Hakuna iliyoishia na sifuri. Anayeandika 99,481 anamwambia msomaji kwamba amemwona hata yule mmoja wa mwisho, na kwamba hakuna kundi lililojificha nyuma ya kilima wala lililohesabiwa mara mbili. Grzimek hakuwa mwongo. Alikuwa mtu wa kwanza kujaribu kuhesabu Serengeti kwa ndege, na gharama aliyolipa ni kubwa: tarehe 10 Januari 1959 Michael alikufa ndege ilipogongana na tai, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kitabu na filamu yao viliifanya Serengeti ijulikane dunia nzima. Ila kwenye hesabu yenyewe palikosekana kitu kimoja: namba hazikuambatana na ukubwa wa kosa.

Mwaka 1961 Lee Talbot na D.R.M. Stewart walirudia kazi hiyo kwa kupiga picha kutoka angani. Wao walipata nyumbu zaidi ya 220,000. Nyumbu jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, na ndama wengi hawafiki mwaka wa pili. Kundi haliwezi kuongezeka zaidi ya maradufu katika miaka mitatu. Basi mojawapo ya hesabu hizo ilikuwa mbali na ukweli, pengine zote mbili, na hakuna aliyeweza kusema ni kwa kiasi gani.

Kwa watu wa wilaya za Serengeti na Tarime jambo hili halikuwa la vitabuni. Mto Mara ndio unaozitenga wilaya hizo: kusini yake ni Mugumu, Nata na Ikoma, kaskazini ni Tarime, Nyamongo na ile kabari ya Lamai inayogusa mpaka wa Kenya. Nyumbu hufika huko kiangazi, kuanzia Juni au Julai, wakivuka mto kwenda na kurudi mpaka mvua za vuli ziwavute tena kusini. Waikoma na Wanata walikuwa wakiwawinda tangu zamani, kabla hifadhi haijatangazwa mwaka 1951 na kabla mipaka yake haijasogezwa mwaka 1959 na miaka iliyofuata. Tangu hapo, kila palipobishaniwa nani awinde, wapi alishe na mpaka upite wapi, hoja ya kwanza mezani ilikuwa idadi ya nyumbu.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kutaka kujua. Miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki yote. Mvumbuzi Oscar Baumann alipopita nyika hizo mwaka 1892 alikuta Wamaasai wakifa njaa kando ya maboma yao matupu. Ugonjwa huo haukuisha. Ulibaki miongoni mwa ng'ombe, na kila mwaka ukaua ndama wa nyumbu waliokwisha kuacha kunyonya. Watu wengi walidhani nyumbu ndio wanaoambukiza mifugo. Kumbe ilikuwa kinyume. Chanjo ya ng'ombe ilipoenea katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi, ikisaidiwa na kazi ya Walter Plowright kule Muguga nchini Kenya, sotoka ilitoweka kwa nyumbu kufikia mwaka 1963 hivi. Mchungaji wa Kikurya aliyepeleka ng'ombe wake kuchomwa sindano alikuwa, bila kujua, anawaokoa ndama wa nyumbu. Kundi likaanza kukua. Lakini kulisema hilo kwa uhakika kulihitaji hesabu inayokiri mashaka yake, kwa sababu kwa watu wa takwimu ongezeko huanza pale ambapo tofauti ya namba mbili inazidi kosa la kila moja.

Hapo ndipo kipeuo, kile cha alama √, kilipoingia Serengeti, na kiliingia kikiwa chini ya mstari wa sehemu.

Chanzo chake kiko mbali. Abraham de Moivre alikuwa Mprotestanti wa Kifaransa aliyekimbilia London baada ya mfalme kuwanyima wenzake uhuru wa ibada mwaka 1685. Hakuwahi kupata kazi ya chuo kikuu. Aliishi kwa kufundisha watoto wa matajiri na kuwashauri wacheza kamari katika nyumba za kahawa. Mwaka 1733 alichapisha matokeo ambayo kwa lugha nyepesi ni haya. Ukirusha sarafu mara 100, tarajia vichwa 50, na usishangae ukikosea kwa 5 hivi. Ukirusha mara 10,000, tarajia 5,000, na kosa la kawaida ni 50. Kazi imeongezeka mara mia. Kosa, ukilipima kama sehemu ya kazi yote, limepungua mara kumi tu. Wastani wa vipimo n hukosea kwa kiasi cha mtawanyiko wa vipimo hivyo ukigawanywa kwa √n. Mwaka 1908 William Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin aliyeandika kwa jina la Student, alionyesha jinsi ya kuitumia kanuni hiyo hata vipimo vikiwa vichache, jambo alilolihitaji kwa sababu majaribio ya shayiri ni ghali.

Sasa, sehemu yenye kipeuo katika asili, yaani chini ya mstari, ilikuwa imewasumbua watu kwa muda mrefu kabla ya De Moivre. Kuna kibao cha udongo cha Wababeli, chenye umri wa miaka 3,600 au zaidi, kilichohifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale. Kimechorwa mraba na mistari yake miwili ya pembe kwa pembe. Ubavuni pameandikwa 30. Kwenye mstari wa pembe pana 1, 24, 51, 10, nayo kwa mtindo wao wa kuhesabu kwa sitini ni √2 iliyo sahihi mpaka tarakimu ya tano baada ya nukta. Chini yake pana namba ya pili: 42, 25, 35. Hiyo ni mara 30 ya ile ya kwanza. Lakini katika hesabu ya sitini, 30 ni nusu pia, maana ni 30 kati ya 60. Kwa hiyo namba hiyohiyo inaweza kusomwa kama √2 iliyogawanywa kwa 2, ambayo ndiyo 1 iliyogawanywa kwa √2. Mwanafunzi aliyefinyanga kibao kile alikuwa na 1/√2 na √2/2 mahali pamoja, katika mchoro mmoja.

Kwa nini mtu ajali? Jaribu kwa kalamu. Kugawanya 1 kwa 1.41421 ni kazi ndefu ya kutoa na kushusha, na kila hatua ina nafasi ya kukosea. Kugawanya 1.41421 kwa 2 unamaliza kwa kinywa: 0.70710. Ni namba ileile. Kanuni ya kuondoa kipeuo katika asili haikuzaliwa kwa ajili ya uzuri; ilikuwa njia ya kuupunguzia mkono kazi.

Pale asili inapokuwa na vipeuo viwili, mambo huwa magumu kidogo, na dawa yake iliandikwa India. Brahmagupta, katika kitabu chake cha mwaka 628, aliagiza kwamba kiasi, yaani namba ya juu, na asili vizidishwe vyote kwa asili hiyohiyo baada ya kugeuza alama ya kipeuo kimoja. Bhaskara alirudia agizo hilo mwaka 1150 na kulieleza kwa mifano. Siri yake ni kwamba (√5 − √3) ikizidishwa kwa (√5 + √3) hutoa 5 − 3, na vipeuo vyote vinatoweka. Euclid alikuwa ameona uhusiano huo katika kitabu chake cha kumi, lakini yeye aliueleza kwa mistari na maeneo, kwa ufafanuzi mgumu kiasi kwamba wasomaji wengi walikikimbia kitabu hicho. Huko Misri, Abu Kamil, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 9 na mwanzoni mwa ya 10, alivishughulikia vipeuo kama namba nyingine yoyote, akavijumlisha na kuvigawanya bila wasiwasi. Alama yenyewe, √, ilichapishwa kwa mara ya kwanza na Christoff Rudolff mwaka 1525.

Turudi Serengeti. Mwaka 1966 ilianzishwa taasisi ya utafiti ya Serengeti, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Hugh Lamprey. Ndege zilikuwapo, kamera zilikuwapo, vijana wenye shahada walikuwapo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kutoka kwenye picha chache hadi kundi zima. Mwaka 1969 mtakwimu G.M. Jolly alichapisha utaratibu huo katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, katika makala fupi ambayo wahesabuji wa wanyamapori barani wanaitaja hadi leo. Gawanya eneo katika mistari sambamba. Chagua baadhi yake. Ruka juu ya hiyo tu, hesabu unachokiona, kadiria jumla, kisha, na hili ndilo lililokuwa geni kwa wengi, andika kosa la makadirio hayo. Mike Norton-Griffiths aliendeleza kazi hiyo kwa nyumbu hasa: kamera inayotazama chini, picha zinazopigwa kwa vituo, na watu wanaokaa miezi wakihesabu vitone kupitia kioo cha kukuza. Makala yake ilitoka mwaka 1973, na baadaye akaandika mwongozo mzima wa kuhesabu wanyama.

Nitumie namba za kubuni, ndogo kuliko za kweli, ili sehemu yenyewe ionekane. Tuseme eneo lina mistari 240 na fedha za mafuta zinatosha mistari 12. Idadi ya nyumbu hutofautiana sana kutoka mstari hadi mstari, kwa sababu nyumbu hawajitandazi kama mchele kwenye ungo, hujikusanya. Tuseme mtawanyiko huo ni 600. Kosa la wastani kwa kila mstari ni 600/√12.

Mwenye mashine ya kukokotoa atabonyeza na kupata 173.2, aendelee na shughuli zake. Asiye nayo atafanya kama walivyofundishwa vijana wa kidato cha pili. √12 ni 2√3, kwa hiyo sehemu ni 300/√3. Zidisha juu na chini kwa √3: 300√3 juu, 3 chini. Jibu ni 100√3. Sasa mwombe mfadhili mafuta ya mistari 48, mara nne ya ile ya kwanza. Sehemu mpya ni 600/√48, yaani 600/(4√3), yaani 150/√3, yaani 50√3.

Weka majibu mawili pamoja: 100√3 na 50√3. Kosa limepungua nusu kamili. Mwenye 173.2 na 86.6 ataliona hilo akitazama vizuri. Mwenye 100√3 na 50√3 hana haja ya kutazama mara ya pili. Mafuta mara nne, mashaka nusu. Ukitaka robo ya mashaka, tafuta mafuta mara kumi na sita. (Nimeacha pembeni kipengele cha Jolly kinachopunguza kosa zaidi mistari iliyorukwa inapokaribia kuwa yote 240, kwa mistari michache hakibadilishi hadithi.) Kwa jumla ya mistari 240, kosa la mpango wa kwanza ni 24,000√3, kama nyumbu 41,569, na kwa kawaida watakwimu huliongeza mara mbili hivi kabla ya kuthubutu kusema kundi limekua au limepungua.

Hiyo ndiyo maana ya kipeuo kukaa chini ya mstari. Kinasema kwamba uhakika ni bidhaa ghali, na bei yake hupanda haraka kuliko ubora. Kanuni ya Brahmagupta inakihamishia juu ili mkono usichoke, lakini bei ni ileile.

Kwa utaratibu huo, watafiti wa miaka ya 1970 waliweza kusema jambo ambalo Grzimek asingeweza. Kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu walifika karibu 700,000 mwaka 1971 na kupita milioni 1.3 mwaka 1977. Ongezeko kubwa namna hiyo linazidi kosa lolote la sampuli. A.R.E. Sinclair na wenzake waliweza kulihusisha na kutoweka kwa sotoka, na baadaye na mvua za kiangazi zilizoongeza majani. Baada ya hapo kundi likasimama palepale, na namba milioni 1.3 ikaingia katika vitabu vya watalii, ikakaa humo kwa miongo.

Wakati huohuo, katika shule za wilaya za Serengeti na Tarime, kipeuo kiliendelea na maisha yake mengine. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004 shule za kata zilijengwa nchi nzima, na watoto wa Nata, Nyamongo na Sirari wakapata kidato cha pili karibu na nyumbani. Kwa muhtasari uliotumika kuanzia mwaka 2005, vipeo na vipeuo vilikuwa vya kidato cha pili, pamoja na kuondoa kipeuo katika asili. Takwimu zilikuwa za kidato cha pili na cha tatu, na ziliishia kwenye wastani na grafu. Mtawanyiko unaopimwa kwa kipeuo ulingoja hisabati ya kidato cha tano na sita, ambayo wachache huifikia. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, nchi nzima, karibu mmoja tu kati ya watahiniwa watano ndiye aliyefaulu hisabati.

Sidhani kosa ni la kanuni. Kosa, kwa maoni yangu, ni kuigawa hadithi vipande viwili na kuviweka miaka mitatu mbalimbali. Mwanafunzi wa Mugumu hufukuza kipeuo kutoka asili kwa sababu mwalimu amesema jibu lisiachwe hivyo, na mwalimu husema hivyo kwa sababu msahihishaji ana jibu moja mbele yake, na majibu elfu yenye sura moja husahihishwa upesi. Ni sababu ya kweli, lakini ni ya ofisini.

Ipo sababu nyingine ya darasani ambayo ingeweza kuonyeshwa kwa dakika tano, kwa kitabu cha majedwali ya tarakimu nne kilichowahi kupita mikononi mwa vizazi vya watahiniwa. Chukua 1/(√10 − 3). Jedwali linasema √10 ni 3.162. Toa 3, unabaki na 0.162: umeanza na tarakimu nne za kuaminika, sasa unazo tatu tu. Gawanya 1 kwa 0.162, unapata 6.173. Sasa fanya kama Brahmagupta: zidisha juu na chini kwa (√10 + 3). Chini panabaki 10 − 9, yaani 1, na juu pana √10 + 3, yaani 6.162. Thamani halisi ni 6.1623. Njia ya kwanza imekosea kwenye tarakimu ya tatu. Ya pili haijapoteza chochote. Kompyuta nazo hukumbwa na tatizo hilohilo, kwani nazo zina tarakimu zenye kikomo, na waandishi wa programu za hesabu hulikwepa kwa hila ileile ya mwaka 628.

Siku hizi vitone kwenye picha havihesabiwi kwa kioo cha kukuza. Katika miaka ya 2010 watafiti walianza kuzifundisha kompyuta kuwatambua nyumbu katika picha za ndege, na mwaka 2019 wakachapisha ulinganisho wa kompyuta hizo na watu wa kujitolea waliohesabu picha hizohizo kupitia intaneti. Kisha, mwaka 2025, ikatoka kazi iliyotumia picha za setilaiti za miaka ya 2022 na 2023, ambamo nyumbu mmoja ni vitone vichache tu. Matokeo yake yaliwashtua wengi: nyumbu wanaohama katika Serengeti na Mara hawakufika 600,000. Hiyo haifiki hata nusu ya namba iliyozoeleka.

Setilaiti haichagui mistari. Hupiga eneo zima kwa mara moja, kwa hiyo kosa la sampuli, lile la √n, karibu linatoweka. Lakini kosa lina aina mbili, na kipeuo huponya moja tu. Nyumbu aliyejificha chini ya mgunga kando ya Mto Mara hataonekana hata ukipiga picha mara elfu. Kuongeza n hakumtoi kivulini. Kwa upande wa ndege, kundi likijikusanya sana, mstari mmoja ukipita katikati ya kundi kubwa huweza kuivuta jumla nzima juu, na mtawanyiko ukawa mkubwa kiasi kwamba √n haifui dafu.

Pengo la nyumbu 700,000 ni zaidi ya mara kumi na sita ya kosa la mfano wetu mdogo wa mistari 12; mfano huo ni wa kubuni, lakini pengo kubwa hivyo ni gumu kuelezwa kwa bahati mbaya ya sampuli peke yake. Ama kundi limepungua, ama namba ya zamani ilikuwa juu mno, ama setilaiti inawakosa wengi wenye kukaa penye miti, hasa upande wa Lamai na Mto Grumeti. Ili kujua, ndege na setilaiti zingepaswa kupita juu ya kundi moja katika wiki moja, na picha zao zilinganishwe mti kwa mti, na kila upande uandike kosa lake pembeni ya jumla yake.